Watamaki Isiyoonekana: Inamsaidia Nini Mwenye Picha na Mwenye Wimbo?

Kila sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, Zanzibar, iitwayo Mwaka Kogwa, ikipita, picha zake huzagaa mitandaoni, na haupiti muda huzuka ugomvi ule ule. Mpiga picha anaikuta kazi yake kwenye tangazo la safari za watalii, jina lake lililokuwa pembeni limekatwa, na juu yake pamebandikwa nembo ya watu wengine. Analalamika. Wanaomjibu hugawika. Wapo wanaosema angeandika jina kubwa katikati ya picha. Na wapo, hawa huongea kwa uhakika zaidi, wanaosema siku hizi kuna watamaki, yaani alama ya mwenye kazi, isiyoonekana kwa macho, na kwamba ukishaitia hakuna awezaye kukuibia tena.

Hawa wa pili wamekamata nusu ya habari. Alama ya namna hiyo ipo, inafanya kazi, na hesabu yake ni tamu kuliko watu wanavyodhani. Ila haimzuii mtu yeyote kunakili chochote. Kazi yake huanza pale wizi umeshatokea na watu wawili wanabishana nani mwenyewe.

Kwanza haki yenyewe. Hakimiliki ni haki anayopewa na sheria aliyetunga kitu, kiwe wimbo, picha, filamu au maandishi, ya kuamua nani akinakili, nani akisambaze na nani akitumie kibiashara. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, mwaka 1994, na mkataba huo hautaki haki hii ishikiliwe na utaratibu wowote: si lazima ujisajili, wala uchore ile herufi C ndani ya duara, ndipo kazi iwe yako. Kwa kuwa hakimiliki si jambo la Muungano, Zanzibar ina sheria yake, Sheria ya Hakimiliki namba 14 ya mwaka 2003, na chombo chake cha kuisimamia ni COSOZA. Bara wana sheria yao ya mwaka 1999 na COSOTA yao. Wengi huvichanganya vyombo hivi viwili, hata wasanii wenyewe.

Basi kama kazi ni yako tangu ulipoitoa, alama ya nini? Kwa sababu sheria inakupa haki, haikupi ushahidi. Huo utautafuta mwenyewe.

Chukua noti ya shilingi elfu kumi, iinue kwenye mwanga. Utaiona sura iliyojificha ndani ya karatasi. Ukiilaza mezani inapotea. Haikuchapwa kwa wino. Karatasi yenyewe imefanywa nyembamba hapa na nene pale. Mafundi wa karatasi wa Fabriano, Italia, walikuwa wakifanya hivyo tangu mwishoni mwa karne ya 13 ili karatasi ya kila fundi ijulikane. Alama ya maji ya kidijitali, ambayo wengi tunaiita watamaki, imefuata wazo hilo: habari za mwenye mali zinaingizwa ndani ya mali, hazibandikwi pembeni. Zipo za kuonekana na zisizoonekana.

Ile ya kuonekana tunaijua sote. Ni jina la studio lililopita juu ya picha ya bibi harusi, au nembo ya kituo cha televisheni kwenye kona. Faida yake ni kwamba inasema papo hapo kazi hii ya nani, na inamtia aibu mwizi mvivu. Ubaya wake ni kwamba inaharibu picha, na ikiwekwa pembeni ambapo haiharibu, mkasi mmoja umeimaliza. Tena mwaka 2017 watafiti wa Google walionesha jambo lililozitia wasiwasi kampuni za kuuza picha. Ukibandika alama ile ile, kwa namna ile ile, kwenye maelfu ya picha, umejiponza: kompyuta ikizikusanya picha hizo inaona kitu kimoja kinachojirudia, inakikokotoa kilivyo, kisha inakifuta kwenye zote kwa mpigo. Dawa waliyoipendekeza ni kuipinda alama kidogo tu, kila picha kivyake. Siku hizi hata simu ya kawaida ina programu za kufuta kitu kwenye picha, kwa hiyo jina la pembeni tulichukulie kuwa ni adabu tu.

Ndani ya picha kuna namba

Ili kuielewa ile isiyoonekana, lazima tujue picha kwenye simu ni nini. Ni jedwali la namba. Picha imegawika nukta ndogo ndogo ziitwazo pikseli, na kila nukta ina namba tatu, moja ya wekundu, moja ya ukijani, moja ya ubuluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Picha ya megapikseli 12, ambayo simu nyingi za leo zinaipiga, ina nukta milioni 12, yaani namba milioni 36.

Tuseme umepiga picha bahari ya Nungwi saa tano asubuhi. Nukta moja ya maji pale inaweza kuwa 38, 166, 181. Ibadilishe iwe 38, 166, 180. Hakuna jicho litakalotambua. Huo ndio mwanya wa kuingilia.

Njia nyepesi kuliko zote ni hii. Kompyuta huandika kila kitu kwa 0 na 1. Basi tukubaliane kwamba namba shufwa ni 0 na namba witiri ni 1. Ukitaka kuficha 1 kwenye nukta iliyosomeka 180, iongeze iwe 181. Ukitaka 0, iache. Herufi moja huchukua nafasi nane za namna hiyo, kwa hiyo jina la herufi kumi linaingia kwenye namba 80 kati ya milioni 36. Unaweza kuficha kitabu kizima humo, na picha ikabaki vile vile.

Tatizo ni kwamba alama hii haiwezi hata safari ya mtaa wa pili. Ukiituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu inaipunguza ukubwa na kuibana upya ili isile bando. Ubanaji wa JPEG hukata picha vipande vya nukta 8 kwa 8, kisha hutupa mabadiliko madogo ambayo jicho haliyajali. Na alama yako ni nini kama si mabadiliko madogo ambayo jicho haliyajali? Inatupwa mwanzo. Programu nyingi za bure za "kuficha ujumbe kwenye picha" zinatumia njia hii au ndugu yake. Kwa watu wawili wanaoandikiana siri inafaa. Kwa kulinda hakimiliki, mtu asikuuzie.

Nguo iliyofukizwa udi

Alama ya kulinda kazi lazima ikae kama udi unavyokaa kwenye nguo. Nguo iliyofukizwa haina doa la kumuonesha mtu. Harufu haiko kwenye pindo wala kwenye kola, imeenea kila uzi. Ukikata kipande, kipande kinanukia. Ikunje, ipasi, ianike uani, bado ipo. Na aliyeupika udi ule mwenyewe, anayejua alitia sukari kiasi gani, sandali kiasi gani na miski kiasi gani, ataitambua nguo yake katikati ya harusi iliyojaa manukato. Mwengine atasema tu inanukia vizuri.

Kompyuta inafanyaje hivyo? Mwaka 1996 Walter Bender na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walieleza njia moja ambayo mwanafunzi wa skuli anaweza kuifuata. Unachagua neno la siri. Kompyuta inalitumia neno hilo kuteua jozi za nukta zilizotawanyika picha nzima, tuseme jozi 10,000. Katika kila jozi, nukta ya kwanza inaongezewa 2, ya pili inapunguziwa 2. Basi, alama imeshaingia.

Sasa mtu asiyelijua neno la siri akijichagulia jozi zake kiholela, akatoa ya pili katika ya kwanza, kisha akatafuta wastani wa tofauti zote, atapata kitu kinachocheza karibu na sifuri. Hakuna sababu ya nukta zilizotangulia kuwa na mwanga zaidi kuliko zilizofuatia. Lakini mwenye neno la siri akizipitia jozi zile zile alizoteua mwanzo, wastani wake unakuja karibu na 4. Nne kwenye jozi moja haina maana yoyote; tofauti ya kivuli cha mnazi na mchanga mweupe inapita 100. Nne kwenye wastani wa jozi 10,000 ni habari nyengine. Kuipata kwa bahati ni vigumu mno, na ukiongeza jozi, ugumu unazidi.

Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na picha yako, akajua kabisa ndani mna alama, akajua hata njia uliyoitumia, na bado asijue ipo wapi. Siri iko kwenye neno tu. Neno hilo, ambalo mafundi huliita ufunguo, ndilo la kulilinda.

Mwaka uliofuata, 1997, Ingemar Cox na wenzake watatu walichapisha kazi iliyobadilisha mwendo wa fani nzima. Kabla yao watu walikuwa wakiificha alama mahali pasipo muhimu, ili isionekane. Wao walisema kinyume: itawanye kwenye sehemu za picha zilizo muhimu kuliko zote, zile ambazo zikiondoka picha inakufa. Ubanaji hauthubutu kuzigusa sana. Na mwizi akitaka kuing'oa alama, itambidi aiharibu na picha anayoitaka. Alama inatiwa kidogo kidogo mahali pengi, na kidogo hicho hakionekani popote, lakini kikijumlishwa kwa ufunguo kinasema jina.

Kuna mvutano usiokwisha hapa. Alama ikiwa hafifu sana, inapotea kwenye safari. Ikiwa nzito, picha inaanza kuonesha vumbi kwenye anga, au wimbo unasikika kama una mchanga. Udi nao ukizidi hukaba. Na kadiri unavyotaka kuandika maneno mengi ndani yake, ndivyo kila neno linavyopata nafasi ndogo ya kuishi. Kwa hiyo alama nzuri kwa kawaida hubeba kitu kifupi tu, kama namba ya kumbukumbu, na habari zilizobaki zinakaa kwenye daftari la mwenyewe.

Na pagumu kuliko pote ni kuipinda picha. Jozi zako unazijua kwa mahali zilipo. Mtu akiigeuza picha kwa nyuzi moja, au akaivuta upana kidogo, kila nukta imehama, na wewe unatafuta mahali pasipo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walitengeneza programu iitwayo StirMark, iliyokuwa ikiipinda picha kidogo sana hapa na pale kiasi cha jicho kutogundua. Ilizishinda karibu alama zote zilizokuwa zikisifiwa wakati ule. Waliokuja baadaye walijifunza kutia ndani ya picha vielekezi vya kuwasaidia kujua picha imegeuzwa vipi, ili wairudishe kabla ya kuisoma. Mbio hizo hazijesha hadi leo.

Kwenye wimbo

Sauti nayo ni namba. Faili la kawaida la CD lina namba 44,100 kwa kila sekunde, kwa kila upande wa spika. Tofauti ni kwamba hapa unamdanganya mlinzi mwengine, yaani sikio, na sikio lina wivu kuliko jicho. Kelele ndogo penye kimya linaikamata mara moja. Lakini lina udhaifu wake. Ganuni na fidla zikipiga kwa pamoja, sauti ndogo iliyo karibu nazo kwa kimo cha sauti na kwa wakati haisikiki kabisa, imefunikwa. MP3, ile namna ya kubana faili la sauti, imejengwa juu ya udhaifu huo: inatupa kilichofunikwa. Alama ya sauti hujificha ukingoni mwa pale pale, chini ya kile kinachosikika lakini si chini mno hadi MP3 ikaitupa.

Njia nyengine ni mwangwi. Mwangwi unaochelewa elfu moja ya sekunde sikio haliuhesabu kuwa mwangwi, linaona ni sauti ile ile imenenepa kidogo. Basi unatia mwangwi wa ucheleweshaji fulani ukimaanisha 1, na wa ucheleweshaji mwengine ukimaanisha 0, na kompyuta inausoma.

Hapa niseme jambo ambalo wapenzi wa taarab hawalipendi. Alama hizi zinaingia kwenye faili. Kikundi kikipiga harusini, na mama mmoja akainuka kwenda kutunza, noti mkono huu na simu mkono ule ikirekodi, sauti ile haikupita kwenye faili lolote la kikundi. Imetoka kooni ikaingia kwenye simu yake. Hakuna cha kutiwa alama. Rekodi za ukumbini, ambazo ndizo huzunguka sana kwenye flashi na memori kadi za Darajani, hazilindwi na teknolojia hii hata kidogo, labda kikundi kirekodi chenyewe na kuitoa rekodi safi iliyo nzuri kuliko ya simu.

Yanayochanganywa nayo

Watu wengi huita watamaki zile taarifa zinazoambatana na faili: jina la mpiga picha, tarehe, aina ya kamera. Hizo si alama ya ndani, ni karatasi iliyobandikwa juu. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, jina lake lilichapwa kwenye karatasi ya katikati ya santuri. Wakati wa kaseti ulipofika, watu wakanakili sauti kutoka kwenye santuri, na karatasi ikabaki pale pale. Ndivyo zilivyo taarifa za faili leo. WhatsApp na mitandao mingi ya kijamii huziondoa picha inapopakiwa, na skrinishoti hazibebi kabisa. Zijaze, hazigharimu kitu, lakini usizitegemee.

La pili linalochanganywa ni ule mfumo wa YouTube unaokamata nyimbo za watu, Content ID, ulioanza mwaka 2007. Mfumo ule hautii kitu chochote ndani ya wimbo. Mwenye wimbo anawapa nakala yake, kompyuta inachukua sifa zake za pekee, kama polisi anavyochukua alama za vidole, na kila video mpya inalinganishwa na hazina hiyo. Tofauti si ndogo. Watamaki inafaa kwa kazi ambayo haijatoka mkononi mwako. Kazi iliyokwisha kuzagaa huwezi kuitia alama tena, maana nakala zilizoko nje hazitabadilika kwa sababu wewe umeibadilisha yako. Kwa hazina ya taarab ya zamani, iliyotapakaa kwenye kaseti na CD miaka na miaka, kinachohitajika ni ule ulinganishaji. Ubaya ni kwamba Content ID haikufunguliwa kwa kila mtu; msanii mdogo kwa kawaida huifikia kupitia kampuni za usambazaji wa muziki.

Na ile imani kwamba alama inazuia kunakili ina asili yake pia. Filamu kadhaa za diski za Blu-ray hubeba alama ya sauti iitwayo Cinavia, na tangu mwaka 2012 mashine mpya zenye leseni zinalazimika kuitambua. Zikiikuta mahali pasipostahiki, zinakata sauti. Mtu akiliona hilo atasema alama imemzuia. Iliyomzuia ni mashine, kwa sababu mtengenezaji wake amekubali kutii. Simu ya jirani yako haikukubaliana na mtu yeyote.

Kuhusu kung'olewa, jibu ni ndiyo, inang'oleka ikiwa anayeing'oa ana ujuzi na hamu. Mwezi wa Septemba 2000 umoja wa kampuni za muziki na vifaa, SDMI, uliwatangazia watu wajaribu kuzivunja alama zake. Kikundi cha Edward Felten wa Chuo Kikuu cha Princeton kilizivunja kwa muda mfupi, na walipotaka kueleza walivyofanya, wakaandikiwa barua ya vitisho vya kisheria. Mwishowe waliisoma kazi yao hadharani mwaka 2001. Kwangu mimi, barua ile ilifundisha zaidi kuliko teknolojia: alama ikihitaji watu wanyamaze ili iishi, imeshakufa.

Lakini mwizi wa kawaida wa picha zetu si profesa wa Princeton. Ni kijana wa matangazo mwenye haraka. Huyo hajui hata kama ndani mna kitu.

Mwizi mwenye alama yake

Kuna ujanja mmoja ambao nauona ni wa hatari zaidi ya kung'oa, na watu hawauzungumzi. Mwizi haigusi alama yako. Anatia yake juu yake, kisha anakwenda mbele ya watu na kusema: someni, ina alama yangu. Na kweli inayo. Sasa picha moja ina alama mbili.

Kwa mwizi asiye hodari jibu ni rahisi. Kila mmoja alete nakala yake ya awali. Ya kwako haina alama ya mwizi. Ya kwake, kwa kuwa aliichukua kwako, ina alama yako. Kesi imekwisha.

Kwa mwizi hodari haishi hapo. Anaweza kubuni alama, akaitoa kwenye picha uliyoitangaza badala ya kuiongeza, na matokeo yake akayaita nakala yake ya awali. Kwa hesabu, picha uliyoitangaza sasa inaonekana kama hiyo "awali" yake ikiongezwa alama yake. Na hata nakala yako ya awali, uliyoifungia kabatini, ikilinganishwa na ya kwake itaonesha dalili za alama yake, ingawa hajawahi kuishika. Watafiti waliuchambua ujanja huu miaka ya 1990, na dawa iliyopatikana si ya hesabu peke yake. Inasaidia ufunguo ukitengenezwa kutokana na picha ya awali yenyewe kwa namna isiyoweza kurudishwa nyuma. Inasaidia zaidi kuwa na mtu wa tatu aliyeshika kitu chako kwa tarehe inayojulikana, kabla ya ugomvi. Hapo ndipo kujisajili kunapoingia. Haki yako haitoki COSOZA, lakini tarehe iliyoandikwa na ofisi ya umma ina uzito ambao tarehe ya kompyuta yako haina, maana saa ya kompyuta hata mtoto anaweza kuirudisha nyuma.

Kujua nani aliyevujisha

Kwa maoni yangu, matumizi yenye faida kubwa kuliko yote kwa studio ndogo za hapa si kuthibitisha mwenyewe ni nani. Ni kumjua aliyevujisha. Badala ya kutia alama moja kwenye kazi, unatia alama tofauti kwenye kila nakala unayoitoa. Mwaka 2004 nakala za filamu zilizotumwa kwa wapiga kura wa tuzo za Oscar ziliibuka kwenye intaneti. Kila nakala ilikuwa na alama yake, zikafuatiliwa hadi kwa mwanachama mmoja, mwigizaji, naye akafukuzwa kwenye chama. Hakuna aliyehitaji kubahatisha.

Fikiria studio ya Ng'ambo inayotoa wimbo mpya. Kabla haujatoka rasmi umekwenda kwa mtayarishaji wa video, kwa redio mbili na kwa dada wa mauzo. Nakala nne, alama nne, daftari moja linalosema nani alipewa ipi. Wimbo ukionekana mtaani siku tatu kabla ya wakati, unasoma alama, unafungua daftari. Mpiga picha anayewapelekea hoteli za Paje na Kiwengwa picha za majaribio anaweza kufanya hivyo hivyo. Muhimu ni kuwaambia wateja mapema kwamba kila nakala ina alama. Wengi watajichunga kwa hilo tu.

Siku hizi neno watamaki linasikika pia kwenye habari za akili mnemba. Google DeepMind walitoa SynthID mwezi wa Agosti 2023, nayo hutia alama isiyoonekana kwenye picha zilizotengenezwa na mashine. Ufundi ni wa ukoo mmoja, lakini swali ni jengine: inataka kukuambia picha imetoka kwenye mashine gani, haisemi ni mali ya nani. Kukuta alama hiyo hakuthibitishi hakimiliki ya mtu, na kutoikuta hakuthibitishi kwamba picha ni ya kweli.

Kwa anayetaka kuanza, programu ya bure kama OpenStego ina sehemu ya kutia alama, na kampuni kama Digimarc zinauza huduma hiyo tangu miaka ya 1990. Kabla hujaamini yoyote, ijaribu kwa maisha ya hapa: tia alama, itume picha kwa WhatsApp kwa mtu wa Pemba, akurudishie, ipige skrinishoti, ikate robo, kisha uisome. Isiposomeka, haikufai, hata iwe na sifa gani. Picha za kutangazia zitoe ndogo, zile kubwa kama zilivyotoka kwenye kamera zisitoke nyumbani kabisa, maana anayeweza kuonesha picha pana kuliko iliyochapishwa, na nyengine tano zilizopigwa kabla na baada yake, ana hoja ambayo mwizi hana. Na ufunguo usikae kwenye laptop peke yake. Laptop ikifa na ufunguo ndani, alama itaendelea kuwepo kwenye kila nakala duniani na hakutakuwa na mtu wa kuisoma, hata wewe. Uandike kwenye daftari lile lile la nakala, na daftari lipige picha, umpe mtu unayemuamini akuwekee.